Dua na Sala Kwenye Shughuli ya Serikali: Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Ratiba

Kwenye ratiba ya uzinduzi wa kituo cha afya, mahafali ya shule ya kata au mkutano wa wadau wa wilaya kuna mstari ambao kamati nyingi za maandalizi huuandika bila kuujadili: "Dua na Sala: Viongozi wa Dini, dakika 5." Tenti, viti, muziki na chakula hujadiliwa mpaka usiku. Mstari huo huachiwa mshereheshaji. Siku yenyewe ikifika, mchungaji anatumia dakika ishirini na tano, shehe aliyepigiwa simu jana usiku hajatokea, mgeni rasmi anachungulia saa yake, na kule nyuma kuna mama wa Kisabato anayeuliza kwa nini shughuli ya halmashauri imewekwa Jumamosi.

Nimeandika haya kwa ajili ya anayetupiwa mstari huo: mtendaji wa kata, afisa utumishi, afisa maendeleo ya jamii, mwalimu wa zamu, katibu wa kamati. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara, na Kenya nimeipa nafasi yake karibu na mwisho kwa sababu katiba yao inasema mambo kwa namna nyingine.

Kwanza ujue unasimama wapi kisheria

Usiruke sehemu hii, maana ndiyo itakayokusaidia ukiulizwa. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema nchi hii haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, inafanya ibada kuwa hiari ya mtu binafsi, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo. Zaidi ya hayo, kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinamruhusu mtumishi kuabudu apendavyo, ila zinamkataza kueneza dini yake akiwa anatekeleza kazi ya serikali.

Hakuna popote hapo palipoandikwa kwamba dua ni marufuku kwenye shughuli ya umma. Wimbo wa Taifa wenyewe ni ombi kwa Mungu tangu neno la kwanza, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kuuimba kumeipa serikali dini. Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao unaanza kwa kumwomba Mungu ailinde Jumuiya. Kila kikao cha Bunge pale Dodoma hufunguliwa kwa dua, na taarifa rasmi ya majadiliano huandika kila siku kwamba Spika, au Naibu, au Mwenyekiti, "alisoma dua".

Sheria, basi, haikuzuii kuweka dua. Inakuzuia kuifanya ya kundi moja, na inakuzuia kumlazimisha mtu. Dua ya shughuli ya serikali iwe ya kila aliyekaa chini ya tenti lile, au isiwepo. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo.

Hatua ya kwanza: uliza kama shughuli yenyewe inahitaji dua

Jibu la haraka huwa ndiyo, na mara nyingi si sahihi.

Kuna shughuli ambazo watu wangeona pengo bila dua: kiongozi anaapishwa, jengo linafunguliwa, watu wanaagana na mtumishi mwenzao aliyefariki, kijiji kimepata maafa. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, waliokufa walikuwa wa dini tofauti na wengi walizikwa pamoja. Pale hakuna ambaye angeuliza viongozi wa dini wanatafuta nini. Walikuwa wanatakiwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna nyingine ambazo dua ni mazoea tu: mafunzo ya mfumo wa manunuzi, kikao cha bajeti cha idara, semina ya nusu siku. Hapo Wimbo wa Taifa unatosha, na mara nyingi hata wimbo hauhitajiki.

Halafu kuna kile kikao cha menejimenti cha Jumatatu asubuhi ambacho bosi hukifungua kwa sala ya kanisa lake, au kwa dua ya msikiti wake, kila wiki. Hiki ndicho ningekiondoa kwanza. Kwenye uwanja wa wazi mtu asiyependa anaweza kukaa kimya bila kuonekana. Kwenye meza ya watu tisa, mbele ya anayemjazia tathmini ya utendaji, hawezi. Ataitikia "amina" huku moyoni akijiona amelazimishwa, na hatasema. Mkuu wa idara akitaka kuiombea kazi yake, aombe peke yake kabla wenzake hawajaingia.

Mabaraza ya madiwani yako katikati. Ni vikao vya kazi, lakini ni vikao vya hadhara vya wawakilishi wa watu, na mengi yana dua yao ya kufungulia. Ikiwa baraza lenu linayo, iacheni. Hakikisheni tu kwamba imeandikwa na haibadiliki kulingana na anayeisoma.

Hatua ya pili: chagua muundo

Miundo inayofanya kazi ni michache.

Wa kwanza ni dua moja iliyoandikwa. Huu ndio mtindo wa Bunge, na kwa maoni yangu ndio bora kwa kikao chochote kinachojirudia. Inamwelekea Muumba, inaomba hekima na busara kwa wanaojadili na ustawi kwa nchi, na awe kitini Mkristo au Mwislamu maneno ni yale yale. Hakuna anayepata nafasi ya kuhubiri kwa sababu hakuna cha kuongeza. Ina kasoro moja: ikisomwa haraka na mtu asiyeitilia maanani, husikika kama tangazo la kupotea kwa risiti.

Wa pili ni viongozi wa dini kupokezana. Watu wameuzoea kutoka sherehe za kitaifa, na unafaa shughuli kubwa za mara moja. Ndio wenye kazi nyingi zaidi, kwa hiyo hatua tatu zinazofuata ni za huu.

Wa tatu ni ukimya. Dakika moja, wote wamesimama, kila mmoja kwa imani yake. Tumeufungia kwenye misiba tu, kumbe unafaa hata kwenye ufunguzi wa chuo chenye wanafunzi wa kila aina. Hauhitaji barua, nauli wala kipaza sauti.

Upo pia mtindo wa kutoleta ibada kwenye jukwaa kabisa. Aprili 2020, wakati wa korona, Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19, kila mtu aombe kwa imani yake. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu namna ugonjwa ule ulivyoshughulikiwa, na mimi ninayo. Lakini muundo wa mwito wenyewe ulikuwa na kitu cha kujifunza: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zote zilikuwemo, na kila mmoja aliomba alikozoea kuomba. Halmashauri inayotaka wananchi waombee mvua au amani inaweza kuandikia misikiti na makanisa yote barua moja, bila kukodi hata tenti.

Hatua ya tatu: alika taasisi, usialike rafiki

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu wa kamati anasema, "Yupo mchungaji wangu, anaomba vizuri sana." Mwingine ana mjomba wake, ustadhi. Mnaokoa siku mbili za kuandika barua, halafu mnatumia miezi miwili kueleza kwa nini kanisa lile na si hili.

Peleka barua kwenye ofisi, nao wenyewe wamteue mtu. Kwa Waislamu, wilaya nyingi huanzia kwa shehe wa wilaya wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, lililoundwa mwaka 1968. Zanzibar, Ofisi ya Mufti. Kwa Wakatoliki, paroko wa eneo au ofisi ya jimbo. Walutheri wa KKKT, Waanglikana, Wamoraviani na wenzao wako chini ya CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Wapentekoste wengi wana baraza lao la makanisa, CPCT. Wasabato hawamo katika hayo, kwa hiyo waandikie wenyewe. Ujue pia kwamba si kila Mwislamu anajiona amewakilishwa na BAKWATA, na si kila kanisa la kilokole liko chini ya baraza lolote. Kama mji wenu una jamaa wengi wa Kishia, Wabohora, Waismailia, Wahindu au Masingasinga, wamo katika hesabu. Duka lao mlilichangisha kwa ajili ya shughuli hii hii.

Mkoa au wilaya yenu ikiwa na kamati ya amani ya viongozi wa dini, umepona. Wameshajuana, wameshazoea kugawana nafasi, na mara nyingi barua moja kwa mwenyekiti wao inatosha. Swali la dini za jadi waulize wazee wa hapo. Kuna maeneo ambako shughuli ya kufungua chanzo cha maji bila mzee wa mji kusema neno ni matusi, na kuna maeneo ambako kumsimamisha kungezua vurugu.

Barua iwe fupi na itaje mambo ambayo kwa kawaida hatuyataji. Kwa mfano:

*Yah: KUONGOZA DUA SIKU YA UZINDUZI WA KITUO CHA AFYA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba ofisi yako iteue kiongozi mmoja atakayeongoza dua kwa dakika mbili, kwa lugha ya Kiswahili. Dua ihusu kituo, wahudumu wake, wagonjwa na amani ya kata yetu. Waliohudhuria watakuwa wa imani mbalimbali. Viongozi wengine watakaoomba ni wa madhehebu yafuatayo. Gharama ya usafiri ni ile ile kwa wote, nayo italipwa na ofisi kwa kusaini.*

Hiyo sentensi ya nauli ina sababu. Bahasha zikitofautiana, mtajulikana kabla hamjamaliza kuosha vyombo. Na fedha ya umma isiandikwe kama sadaka. Iandikwe nauli, kwa kiwango kimoja, na risiti zake.

Barua itoke wiki mbili kabla. Simu ya kukumbusha siku mbili kabla. Jina la mbadala liandikwe pembeni.

Hatua ya nne: mfuatano

Nani aanze? Usitafute jibu kwenye idadi. Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania dini yao ni ya mwaka 1967. Tangu hapo swali hilo liliondolewa, kwa hiyo anayekuja na hoja ya "sisi ndio wengi hapa" hana karatasi ya serikali ya kuonyesha, na wewe huna haja ya kubishana naye.

Njia rahisi ni zamu. Aliyeanza safari iliyopita, safari hii amalize. Andika kwenye daftari la ofisi: tarehe, shughuli, waliomba kina nani, kwa mfuatano upi. Daftari hilo litakulinda kuliko busara yoyote, kwa sababu ukihamishwa kituo atakayekufuata hataanza upya na lawama upya.

Watatu au wanne wanatosha. Wakiwa saba, hata dakika mbili mbili zinakuwa robo saa, na jua la saa nne halina huruma kwa watoto wa halaiki. Wengine wote waliohudhuria watambulishwe na wapewe viti vya mbele. Nimeona mara nyingi kwamba malalamiko ya kiongozi wa dini hayatokani na kunyimwa dua; yanatokana na kuachwa asimame mlangoni akitafuta pa kukaa.

Mahali pa dua kwenye ratiba: mgeni rasmi ameshafika, Wimbo wa Taifa umeimbwa, watu bado wamesimama, ndipo dua. Ukiiweka baada ya utambulisho, watu wameshakaa, wameshaanza kuchezea simu, na kuwasimamisha tena ni kazi. Ukiiweka kabla ya mgeni rasmi kufika, utaombwa uirudie.

Hatua ya tano: ongea na waombaji kabla hawajashika kipaza sauti

Wakutanishe robo saa kabla, chini ya mti au kwenye ofisi ya mtendaji, na uwaambie ana kwa ana yale yaliyo kwenye barua. Kwa heshima, lakini bila kuzungukazunguka. Shehe au mchungaji mzoefu hachukii kuambiwa dakika mbili. Anachukia kukatizwa mbele ya watu.

Kuna mambo ya kuwaomba wasiyafanye. Wasihubiri kabla ya kuomba, maana utangulizi huo ndio unaokula muda. Wasiwaombe waliohudhuria wapokee imani, watubu au wanyooshe mikono. Wasitaje chama, mgombea wala kura, hasa mwaka wa uchaguzi. Wasimwombee mgeni rasmi mpaka dua igeuke wasifu wake. Kumwombea kiongozi afya na hekima ni sawa, kumwombea arudi madarakani ni kampeni. Wasiseme neno litakalomfanya wa dini nyingine ajione mgeni kwenye kijiji chake.

Je, mchungaji asimtaje Yesu, na shehe asisome aya kwa Kiarabu? Hapa natofautiana na wanaotaka dua iliyochujwa mpaka isiwe ya mtu. Umemwalika mtu wa dini. Mwache aombe kama mtu wa dini. Mkristo amalize kwa jina analomalizia siku zote, Mwislamu aanze na Fatiha kama ndivyo ilivyo desturi yake. Watanzania wameshazoea kusikilizana na hawadhuriki. Kinachodhuru ni dua inayomlenga aliyekaa jirani. Kunena kwa lugha, kukemea pepo na kuwekea watu mikono, hayo yana mahali pake, na mahali pake si uzinduzi wa kisima cha halmashauri.

Kama aliyealikwa hakufika, mshereheshaji asianze kuita "kama kuna mchungaji yeyote hapa." Atajitokeza yeyote kweli. Soma dua ya akiba. Iandike mapema na uiweke kwenye faili la ratiba, kwa mfano hii:

*Ee Mwenyezi Mungu, Muumba wetu sote, tumekusanyika kwa ajili ya kituo hiki cha afya. Tunashukuru kwa waliotoa ardhi, fedha na nguvu zao. Wape waganga na wauguzi watakaofanya kazi hapa subira na umakini. Watakaoletwa wagonjwa warudi nyumbani wazima, na akina mama wajifungue salama. Utujalie, viongozi na wananchi, uaminifu wa kukitunza tulichojenga. Amina.*

Isomwe taratibu, na mtu mwenye sauti.

Hatua ya sita: maneno ya mshereheshaji

Kwa miaka mingi kiongozi akipanda jukwaani alisalimia kwa foleni: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, halafu shikamooni. Nia ilikuwa njema, ila kila salamu ya dini inayoongezwa inaonyesha iliyosahauliwa. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kusalimia kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, watu wakaitikia "Kazi iendelee." Unaweza kuipenda au kuiona ina harufu ya siasa, kwenye jukwaa la serikali inamaliza foleni kwa mara moja.

Kuhusu dua, mshereheshaji aseme hivi, bila kuongeza mbwembwe: "Tunaomba tuendelee kusimama. Viongozi wetu wa dini watatuongoza kwa dua, kila mmoja kwa imani yake. Asiyeweza kusimama abaki kwenye kiti." Asiseme "wote tufumbe macho", asiseme "wote tuinue mikono". Asimtanie aliyekaa. Shuleni ndiyo kabisa: mwanafunzi ambaye hakuitikia asiitwe ofisini kesho yake.

Kalenda, saa na sufuria

Hapa ndipo ibada inapoguswa zaidi na serikali kuliko kwenye jukwaa, na ndipo tunapokuwa wazembe.

Ijumaa: kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane mchana usiweke hotuba ya mgeni rasmi, mtihani, wala usaili. Ukipanga semina ya siku nzima Ijumaa, chakula cha mchana kianze saa sita na nusu na kimalizike saa nane, na hakuna atakayehitaji kuomba ruhusa. Jumamosi: Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha jua linapozama Jumamosi, kwa hiyo hata "kikao kifupi cha Ijumaa saa moja usiku" kimemwacha Msabato nje. Jumapili kila mtu anaikumbuka, isipokuwa mikutano ya hadhara ya vijiji ambayo huitishwa asubuhi ya ibada na kisha kulalamikia mahudhurio. Hata uchaguzi mkuu, uliokuwa Jumapili mwaka 2010 na 2015, ulihamia Jumatano mwaka 2020.

Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2025 ilianza siku chache tu kabla ya Kwaresma. Mwezi huo shughuli ziwe asubuhi, ziishe mapema, na chakula kisigawiwe katikati ya hotuba. Ofisi ikiandaa futari, isiwe mahali pa kupigia picha tu. Tende na maji viwe tayari kabla ya adhana, si baada ya hotuba ya tatu.

Chakula sasa. Desturi ya mahali pengi ni kwamba mnyama wa shughuli ya umma huchinjwa na Mwislamu ili wote wale. Desturi hiyo imewahi kubishaniwa, na Buseresere mkoani Geita mwaka 2013 ubishi wa uchinjaji ulifika kwenye kifo cha mchungaji. Kwa hiyo usiichukulie kuwa jambo la mpishi. Ulizeni kwenye kamati, mkubaliane nani anachinja, muandike, na kama kuna nyama ya nguruwe kwa walioagiza iwe na jiko lake, vyombo vyake na meza yake mbali.

Mahali pa kuswali na kusali ofisini na shuleni

Dua ya jukwaani ni dakika tano kwa mwaka. Mtumishi Mwislamu anaswali adhuhuri na alasiri akiwa kazini karibu kila siku. Mkipata chumba, hata stoo iliyofagiliwa, mmefanya jambo kubwa kuliko dua zote za uzinduzi. Kinahitaji maji ya udhu karibu, mkeka, mlango unaofungika, na utaratibu kwa wanaume na wanawake. Kuhusu kibla: ukiwa Dar es Salaam au Unguja, Makka iko karibu kaskazini kabisa, Dodoma na Mwanza ni kaskazini ikipinda kidogo kuelekea mashariki. Mwite mjuzi mmoja wa msikiti wa jirani aweke alama ukutani mara moja tu. Chumba kisiwe cha dini moja: kikundi cha maombi cha Wakristo wanaokutana saa ya chakula nacho kipewe siku zake kwenye ratiba ya mlangoni. Vipaza sauti hapana, kwa yeyote. Na saa ya kazi ni saa ya kazi. Mwananchi aliyetoka kijijini kufuata hati yake asikute dirisha limefungwa kwa sababu ya maombi wala kwa sababu ya chai.

Shule za bweni za serikali zina historia yake. Nyingi zilikuwa za misheni kabla ya Sheria ya Elimu ya 1969 kuziweka mikononi mwa serikali. Pugu ilikuwa ya Wakatoliki, na ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha. Minaki ilikuwa ya Waanglikana. Ndiyo maana unaweza kukuta shule ya serikali yenye kanisa zuri la mawe, na wanafunzi Waislamu wanaswalia darasani baada ya kusogeza madawati. Mkuu wa shule hawezi kuihamisha historia, lakini anaweza kutenga darasa lile lile kila siku, kutoa ruhusa ya Ijumaa bila mizengwe, na kutowalazimisha Wasabato kufyeka majani Jumamosi. Vipindi vya dini vifundishwe na walimu wanaoletwa na dini husika, na mwanafunzi asihudhurishwe kipindi kisicho cha imani yake ili tu kuhesabu vichwa.

Usichanganye shule hizo, wala ofisi za serikali, na taasisi za dini zinazohudumia umma. Bugando na KCMC ni hospitali zilizoasisiwa na makanisa ingawa mgonjwa wa kila dini analazwa humo. Ibada ya asubuhi pale ni desturi ya mwenye nyumba. Wewe uliyeko hospitali ya wilaya usiinakili.

Ukiwa Kenya

Dibaji ya Katiba ya 2010 inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kina meno zaidi ya kinavyosomwa: mtu hanyimwi kazi, elimu wala huduma kwa sababu ya imani yake, na halazimishwi kutenda kinyume nayo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa Wasabato haki katika kesi ya wanafunzi na ibada ya Jumamosi, kwa hiyo mkuu wa shule anayesema "hapa sheria ni moja kwa wote" ajiangalie. Kule tatizo kubwa la jukwaa ni wanasiasa kuligeuza kuwa madhabahu, na madhabahu kuwa jukwaa. Ukiandaa ratiba ya kaunti, tenganisha kabisa: dua mwanzoni, harambee siku nyingine.

Lalamiko likija

Litakuja. Kanisa fulani halikualikwa, au shehe aliombwa aombe wa mwisho mara ya pili mfululizo. Usijibu kwenye kundi la WhatsApp. Mfuate mhusika kwake, ukiwa na daftari la zamu, umwonyeshe kilichofanyika na shughuli inayofuata ambayo nafasi ni yake. Kama kosa ni la ofisi, barua ya kuomba radhi itoke kwa aliyesaini mwaliko, asitumwe mhudumu. Lalamiko la asiye na dini, au la mtumishi aliyelazimishwa kuitikia, lipokelewe kwa uzito ule ule. Huyo hana baraza la kumwandikia barua, na atakayemsikiliza pale ofisini ni wewe.